Ogembo Hakuna Mbao ya Kutupa

Watu wangu, kuna maneno naona kila siku kwenye video za sanaa: "amegeuza taka kuwa dhahabu." Aliyeyaanzisha hajawahi kuishi Ogembo. Hapa kwetu mlango ukioza unakuwa ukuta wa banda la kuku. Banda likianguka, linaingia jikoni. Hata vipande vya chini ya meza ya seremala vina mwenyewe, jioni kuna mama anakuja na gunia. Na kiwanda chetu cha chai, kama vile vingine, kinakausha majani kwa moto wa kuni. Kwa hivyo msanii anayetaka mbao kuukuu haokoti kitu hapa. Ananunua, tena anashindana na sufuria ya mtu.

Nina jamaa yangu anafanya hiyo kazi. Jina sitaji, hapendi. Ananunua milango, fremu za madirisha na vitanda vilivyovunjika, anavikata na kuvipanga mpaka vinakuwa picha za kutundika ukutani. Rangi haongezi. Ile bluu ya mlango wa duka iliyochakaa ndiyo rangi yake.

Nimekaa naye nikimrekodi, na wacha niwaambie, kazi kubwa ni kung'oa misumari. Mmoja ukibaki ndani, msumeno unapoteza meno. Halafu kuna mchwa. Anagonga kila kipande akisikiliza, na kikilia kama debe tupu anakirudisha. Rangi ya zamani haigusi kwa msasa bila kufunga pua na mdomo, kwa sababu inaweza kuwa na madini ya risasi. Lakini mbao ya zamani ina raha yake. Mkaratusi uliopasuliwa juzi unajipinda na kupasuka ukianza kukauka, na kwa mvua hii ya Kisii hata kukauka kwenyewe ni bahati. Mlango uliokaa miaka thelathini ulishamaliza maringo yote.

Shida iko kwa bei. Mtu anasimama, anasifu, anapiga selfi, halafu: "Si hii ni mbao tu? Nikupe mia tano." Anahesabu anachokiona. Siku mbili za misumari hazioni. Mkahawa mmoja ulimwomba alete kazi tatu wazitundike bure, eti atajulikana. Kujulikana hakununui unga, ndugu zangu.

Na hii tabia haikuanza na mbao. Tabaka iko hapo tu. Vinyago vya jiwe la Kisii vimejaa kwenye maduka ya watalii, Nairobi mpaka Ulaya, na ukigeuza kimoja chini huoni jina la mtu. Dalali amenunua kwa wingi, kwa bei ya kuumiza. Lakini Tabaka hiyo hiyo ndiyo imemtoa Elkana Ong'esa, ambaye kazi yake ya ndege iko makao makuu ya UNESCO kule Paris. Yeye watu wanamjua kwa jina, na hapo bei inabadilika.

Kwa mbao pia iko hivyo. Louise Nevelson alikuwa anaokota masanduku na vipande vya fanicha New York, anavipanga, anavipaka rangi nyeusi. Kazi yake ya 1958, Sky Cathedral, iko kwenye jumba la makumbusho la MoMA. El Anatsui wa Ghana, kabla hajajulikana kwa vifuniko vya chupa, miaka ya 1970 alikuwa anachukua sinia za mbao za wauzaji wa sokoni na kuzichoma alama kwa chuma cha moto. Sinia za sokoni, fikiria! Na hapa Nairobi, Cyrus Kabiru anaunda miwani ya ajabu kwa vyuma na vitu vilivyotupwa. Sidhani kuna mtu anamuuliza bei ya waya kwa kilo.

Sisemi jamaa yangu ni Anatsui. Nikiwa mkweli, kuna kazi zake mbili tatu ambazo ni mlango uliovunjika, basi. Lakini kuna moja ya madawati. Alinunua madawati ya zamani ya shule, yale yaliyochongwa kwa bikari: majina, miaka, timu za mpira, mtu na mpenzi wake. Hakupiga msasa hata kidogo. Alipanga vipande mpaka majina yakajaa ukuta mzima. Mzee mmoja alikuja akasimama mbele yake, akaanza kutafuta jina lake. Hakulipata. Akaanza tena kutoka juu.

Nilimshawishi aandike nyuma jina lake, mwaka, na mbao ilikotoka. Bei akaweka elfu kumi na mbili. Wiki jana mnunuzi akaja na elfu tatu mkononi, pesa taslimu, na siku hiyo najua nyumbani kwao unga ulikuwa umeisha. Akakataa. Mimi nilikuwa nimeshika simu na sikujua niangalie wapi.

Mama yake hakusema kitu kuhusu zile pesa. Aliangalia kazi ya madawati, akaangalia rundo la vipande chini ya meza, akauliza kama hivyo vilivyobaki angalau vinaweza kuchemsha chai. Jamaa akamchagulia vile visivyo na rangi, akavipeleka jikoni mwenyewe.