Shanga za karatasi: biashara ya mtu mmoja

Hapa Nakivale wazazi kadhaa wametuuliza pale shuleni kama kweli biashara ya mapambo inalipa. Tumeona tujibu hapa wazi wazi, na hesabu zake. Tunasema "sisi" kwa heshima tu, maana kwenye biashara hii hakuna mwingine: anayekata karatasi ni mmoja, anayeuza ni huyo huyo, na anayefuata madeni ni huyo huyo.

Kazi yenyewe si siri. Unachukua kalenda ya zamani au gazeti la rangi, unakata vipande vyembamba vya pembetatu, unaviringisha kwenye sindano kuanzia upande mpana, ncha unaibandika kwa gundi. Zikikauka unapaka vanishi, unaanika, halafu unatunga. Hapa Uganda kazi hii inajulikana sana. Akina mama waliokimbia vita ya kaskazini wakakaa Kireka, kule Kampala, walilisha watoto kwa shanga hizi. Na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu sisi wakimbizi kufanya kazi, kwa hiyo hakuna haja ya kujificha.

Tulianza kwa sababu posho ya mwalimu wa kujitolea ni ndogo, na nyumbani tuna wadogo wawili wa kulisha. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula umegawanywa kwa makundi, na kuna familia ambazo hazipati tena. Ninyi wenyewe mnajua.

Sasa hesabu. Mikufu 20 ilitutaka gundi, vanishi, uzi na vifungio vya shilingi 30,000. Nauli ya Mbarara, kwenda na kurudi, 20,000. Jumla 50,000. Mfanyabiashara wa kule alichukua kila mkufu kwa 4,000, yaani 80,000. Zikabaki 30,000. Ukisikia hivyo unafurahi. Lakini mkufu mmoja unakula saa tatu za jioni, baada ya kusahihisha madaftari. Mikufu 20 ni saa 60. Kumbe mkono wetu ulikuwa unalipwa shilingi 500 kwa saa!

Tulikaa na daftari tukaangalia upya. Mkufu una shanga 60. Shanga hizo hizo zinatoa bangili nne za uzi wa mpira, na bangili moja hapa sokoni kwetu inauzwa 2,000. Shanga zile zile, sasa ni 8,000, na nauli hakuna. Tangu hapo mikufu tunatengeneza kwa oda tu, hasa ya harusi, na mwenye oda anatoa avansi nusu.

Shida kubwa zaidi ni ya mikopo. Ukiwa mwalimu, kila mzazi ni mama yako. Siku moja mama mmoja jirani alishika bangili tatu akasema, "Mwalimu, wewe si mtoto wetu? Nitalipa siku ya pesa." Ilikuwa vigumu, maana ndiye anayetuangalizia wadogo tukiwa darasani. Tukamwambia, "Mama, samahani, hizi ndizo unga wa nyumbani. Chukua moja kwa ulichonacho leo, mbili tutakuwekea." Alinuna wiki nzima, hatutaficha. Halafu akarudi na 4,000 kuzichukua. Mpaka leo tunasalimiana vizuri.

Jambo la pili ni pesa kutochanganyika. Tuna mikebe mitatu: wa mtaji, wa nyumbani, na wa avansi za watu. Huu wa tatu haufunguliwi mpaka oda imalizike. Msimu wa mvua uliopita tulipata oda ya mikufu ya wasimamizi wa harusi, avansi 30,000. Malaria ikatulaza siku nane. Vanishi nayo haikauki kwenye unyevu, na mtu wa kutushika mkono hakuna. Nyumbani unga uliisha siku ya tano, na mdogo wetu mmoja aliuliza kwa nini mkebe ule una pesa na sisi tunakula uji mwepesi. Swali hilo liliuma. Siku ya sita tulimtuma akarudishe avansi yote kwa wenye harusi, ili watafute mtu mwingine mapema. Walikasirika kidogo, lakini mwezi uliofuata walituletea wateja wawili.

Huo ndio ukweli wa kufanya peke yako: ukiugua, duka limeugua. Faida tunaiona, kwa mwezi mzuri inanunua unga, sabuni na madaftari ya wadogo. Lakini haijatosha kuacha kazi nyingine, na hatumshauri mtu auze mbuzi wake ili aanze. Anza na kalenda moja, gundi ya kopo dogo na daftari. Vanishi paka nje, si ndani walipolala watoto, maana harufu yake inabana kifua. Andika na saa zako, siyo vifaa tu.

Sisi sasa tunatafuta mtu wa pili, wa kugawana naye kazi na faida. Anayetaka kujaribu tunamkaribisha Jumamosi mchana, nyuma ya darasa la tatu. Aje na karatasi zake za rangi, sindano zipo.