Mkono wa Amani



Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa moja upande wa Baraka, tulimkaripia mama wa kwaya mbele ya wenzake kwa sababu hakutoa mkono wakati wa kupeana amani. Tulidhani ana kinyongo. Wengine walinong'ona habari za uchawi, nasi walimu na wakatekista hatukuwanyamazisha. Kumbe mkono wenyewe ulikuwa ukiuma hata kwa kuguswa.

Alitueleza baadaye, bila hasira: kila asubuhi vidole vya mikono yote miwili huamka vimekakamaa, na jua hupanda sana juu ya ziwa kabla hajaweza kushika mchi na kutwanga sombe. Hiyo ndiyo dalili ya baridi yabisi, ambayo wengi huiita rumatisimu. Licha ya jina lake, hailetwi na upepo wa Tanganyika wala maji ya kufulia. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Viungo huvimba, na miaka ikipita bila matibabu, mifupa huliwa na vidole hupinda. Huwapata wanawake mara mbili hata tatu zaidi ya wanaume, na mara nyingi huwakuta wangali na nguvu za kulima.

Si kila maumivu ya viungo ni hayo. Goti la mzee aliyebeba mizigo maisha yake yote katika milima ya Fizi huuma kwa kuchakaa kwa gegedu, tena huuma zaidi baada ya kazi. Jongo hushika ghafla, usiku, aghalabu kidole gumba cha mguu. Mtoto anayelia mifupa mara kwa mara apimwe selimundu, ile tunayoiita SS. Na mgongo unaouma miezi mingi na kuanza kupinda huenda una kifua kikuu cha uti.

Mama yule alikuwa akimeza vidonge vya sokoni, vinavyotuliza maumivu bila kuzuia mifupa kuliwa, na vinavyoweza kutia vidonda tumboni. Dawa za kuuzuia ugonjwa wenyewe zipo. Mojawapo, methotreksati, humezwa mara moja tu kwa juma, chini ya uangalizi wa daktari, wala haimfai mama mjamzito. Lakini hufaa zaidi zikianza mapema, na miezi tuliyokuwa tukimsema ndiyo iliyokuwa miezi ya kuanza.

Tulimwomba radhi. Siku hizi, wakati wa amani, yeye huinamisha kichwa, nasi twainamisha chetu.