OpenOffice Ilipopata Tajiri Mpya

Shule yangu ya kompyuta pale Litein iliishi kwa programu za bure. Mashine zilikuwa mitumba, na wanafunzi wengi watoto wa wakulima wa majani chai. Mzazi ukimdai karo mwezi wa Juni anakujibu, "Mwalimu, ngoja bonasi," na bonasi ni Oktoba. Barua na hesabu za kilo za majani nilizifundisha kwa OpenOffice, kwa kuwa haikudai hata senti.

Januari 2010 Oracle ikakamilisha kuinunua Sun Microsystems, iliyokuwa ikiilea OpenOffice. Mimi ni binti wa mchuma chai, nimekulia nyumba ya kampuni. Unilever ilipoichukua Brooke Bond, kampuni yetu ya chai, mwaka 1984, michai, viwanda na nyumba tulizolala vilikwenda pamoja, wala hakuna aliyetuuliza. Kwa hiyo habari ya Oracle iliniingia mifupani. Muuzaji mmoja wa kompyuta akanihimiza niinunulie kila mashine leseni ya programu nyingine; bei yake ilizidi karo ya muhula mzima. Usingizi ulinipaa. Nilimwambia mume wangu tutafunga shule.

Septemba 28 mwaka huohuo, wengi wa walioiendeleza programu ile wakatangaza wakfu wao, The Document Foundation, na kazi ileile ikaitwa LibreOffice, maana jina la zamani lilibaki kwa Oracle. Leseni ilimruhusu yeyote kuuchukua msimbo, kuurekebisha na kuugawa. Lakini leseni peke yake ingebaki karatasi. Walituokoa watu waliokubali kuanza upya bila jina na bila mlezi tajiri. Februari 2011 waliuomba umma yuro 50,000 za mtaji wa kuandikisha wakfu huo Ujerumani. Zikapatikana kwa siku nane!

Toleo la kwanza la LibreOffice, 3.3, lilikuwa limetoka Januari. Nililipakua kwenye saiba mjini Kericho, nikapanda matatu na flashi mkobani. Mitihani, rejista, hesabu za kilo: faili zote zilifunguka. Nililia mbele ya wanafunzi, na namshukuru Mungu hadi leo.

Juni 2011 Oracle ikaikabidhi OpenOffice kwa wakfu mwingine, Apache Software Foundation. Sisi tulikuwa tumeshahama.

Sasa kila mwaka nautumia wakfu ule mchango mdogo, na wanafunzi wakikuta hitilafu tunaiandikia ripoti pamoja. Wameanza pia kukusanya maneno ya lugha yetu ya Kipsigis, watengeneze kamusi ya kusahihisha tahajia ndani ya LibreOffice. Hakuna tajiri wa kumwomba ruhusa.