San Antonio: Mji Ambako Mbwa wa Jeshi Hulipwa kwa Kipande cha Mpira

Mji wa San Antonio umo kusini mwa jimbo la Texas, nchini Marekani, katika nchi ya tambarare na jua kali. Ulianzishwa na Wahispania mwaka 1718, na mtoto yeyote wa shule nchini humo anaujua kwa sababu ya boma la Alamo, ambalo mwaka 1836 lilizingirwa na jeshi la Meksiko kwa siku 13 hata likaanguka. Siku hizi mji ni mkubwa; hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha wakazi zaidi ya milioni 1.4. Wageni humiminika kuliona boma, kisha huteremka kwenye kingo za mto unaopita katikati ya mji, wakaketi vivulini na kula vyakula vya Kimeksiko. Ni wachache mno wanaoendelea hadi upande wa kusini-magharibi, iliko kambi ya Jeshi la Anga ya Lackland. Na hao ndio wanaosikia mbwa wakibweka.

Lackland ndiko vijana wanaojiunga na Jeshi la Anga la Marekani hupokelewa na kufundishwa gwaride. Lakini tangu mwaka 1958 kambi hiyo imekuwa pia chuo cha mbwa. Wengi wao hununuliwa Ulaya, hasa Ujerumani na Uholanzi: mbwa wa aina ya German Shepherd na jamaa zao wembamba wenye wepesi wa ajabu, Malinois wa Ubelgiji. Hufundishwa kunusa baruti au dawa za kulevya, kulinda na kumkamata mtu, kisha hutawanywa kwenye vikosi vya nchi kavu, vya baharini na vya angani. Mafunzo huchukua kama miezi minne.

Mgeni anayetazama mafunzo hayo kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja. Mbwa hapewi nyama. Anaingizwa katika chumba chenye masanduku mengi, anapita akinusa huku na huku, mkia juu, mpaka anapofika penye harufu aliyofundishwa. Hapo huketi kimya na kukodoa macho. Mara hiyo hiyo kipande cha mpira huruka kutoka nyuma yake na kutua mbele ya pua, kana kwamba kimetoka ndani ya sanduku lenyewe. Mbwa hukidaka, akakitafuna, akakitingisha kama aliyeshika panya, na askari wake humsifu kwa sauti nyembamba ambayo pengine asingependa wenzake waisikie. Huo ndio mshahara. Mbwa hajui bomu ni nini. Anachotafuta siku zote ni mpira wake, na amekwisha kuamini kwamba mpira hukaa palipo na harufu ile.

Kwa hiyo kichezeo katika kambi hii si jambo la anasa. Mbwa asiyependa kuchezea chochote hachaguliwi, hata awe na pua kali namna gani. Na kichezeo kinachopasuka mdomoni ni hasara ya namna mbili: kwanza mbwa aweza kumeza vipande, na pili kazi yenyewe hulegea, maana malipo yameharibika.

Taya za mbwa hawa ni za kutisha. Malinois aliyefungiwa bandani bila kazi hutafuna ndoo yake ya maji, hutafuna ubao wa mlango, na akikosa vyote hugugunia waya wa uzio. Madaktari wa meno ya wanyama wanalijua vizuri jino la mbwa wa namna hiyo: chonge huliwa upande wa nyuma kidogo kidogo, likabaki jembamba, na siku moja anapouma mkono wa mazoezi hukatika. Kambini iko hospitali kubwa ya mbwa iliyofunguliwa mwaka 2008, na miongoni mwa kazi za madaktari wa mbwa wa jeshi ni kuyavisha meno yaliyoumia vifuniko vya madini. Mwaka 2011, baada ya mbwa mmoja wa aina ya Malinois kufuatana na makomando wa Marekani kule Abbottabad, Pakistani, ulizuka uvumi kwamba mbwa wa jeshi hung'olewa meno na kuwekewa ya titani ili waume zaidi. Si kweli. Kifuniko huwekwa kuliokoa jino lililokwisha kuharibika, wala hakilishindi jino zima alilojaliwa mnyama.

Mpira unaojulikana zaidi katika kazi hii una umbo la vibonge vitatu vilivyobebana, kikubwa chini na kidogo juu, wazi katikati. Jina lake ni Kong, na asili yake haiko Texas bali Golden, mji mdogo chini ya Milima ya Rocky katika jimbo la Colorado, ambao kwa wengi ni maarufu zaidi kwa kiwanda chake cha bia. Katika miaka ya 1970 huko aliishi Joe Markham, mwenye mbwa aitwaye Fritz, German Shepherd aliyekuwa zamani mbwa wa polisi. Fritz alikuwa na tabia ya kutafuna mawe, na meno yake yalikuwa yakisagika. Kila alichopewa badala ya mawe alikidharau. Kampuni husimulia kwamba siku moja Markham alikuwa chini ya kombi yake ya Volkswagen akiitengeneza, na kwa hasira ya kumwona mbwa akitafuna mawe akawa anamtupia vipuri. Kipande kimoja cha mpira kutoka kwenye springi za gari kilimpendeza Fritz, asitake kukiachia. Kampuni ilianza mwaka 1976, lakini kumpata mpira wa kustahimili kulimchukua Markham miaka kadhaa ya kujaribu na kukosea. Jina lilitokana na mzaha wa rafiki yake, aliyesema kitu kile kinafanana na kizibo cha sikio cha King Kong, yule sokwe wa sinema.

Umbo lile lina faida zake. Likitupwa chini halirudi juu kama mpira wa kawaida, bali huruka kombo, mara kushoto mara kulia, na mbwa hulikimbiza kama anavyomkimbiza sungura. Tundu lililo katikati hujazwa chakula, na mbwa akashughulika muda mrefu kukitoa kwa ulimi. Tena tundu hilo hutokea pande zote mbili, na hapo pana jambo ambalo wafugaji wengi hawalijui. Kichezeo chenye tundu moja tu chaweza kuunyonya ulimi wa mbwa: anaposukuma ulimi ndani hewa hutoka, ulimi huvimba, usitoke tena. Wako mbwa waliokatwa ndimi kwa sababu hiyo.

Hata hivyo wenye kujua hawasemi kwamba mpira mmoja wafaa kila mbwa. Mwekundu ni wa mbwa wa kawaida. Mweusi ni mgumu zaidi, na ndio unaopendwa na polisi na askari. Na wa watoto wa mbwa ni laini. Ukubwa nao si wa kubahatisha. Mpira ukiwa mdogo kiasi cha kupita nyuma ya machonge waweza kuziba koo, na mbwa mkubwa hufa kwa kukosa pumzi katika dakika chache, mbele ya mwenyewe ambaye vidole vyake vinateleza kwa mate. Kwa sababu hiyo anayesitasita dukani kati ya saizi mbili hushauriwa kuchukua iliyo kubwa.

Si mbwa wote wa Lackland wanaonunuliwa ng'ambo. Wengine huzaliwa kambini, na hutambulikana kwa majina yao ambayo herufi ya kwanza huandikwa mara mbili, hata mgeni akadhani karani amekosea. Watoto hao wa Malinois, wakifikisha kama majuma manane, hukabidhiwa familia za kujitolea za mjini San Antonio na vitongoji vyake. Huko huzoea ngazi, magari, kelele za watoto na sauti ya radi. Wakitimiza kama miezi saba hurudishwa kambini kuanza kazi. Jeshi hutoa chakula na matibabu. Familia hutoa uvumilivu, na aghalabu viatu.

Maana huo ndio wakati wa kuota meno. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni. Tangu mwezi wa nne hivi huanza kung'oka, yakaja 42 ya ukubwani, na katika miezi hiyo fizi humwasha akatafuna kila kilicho chini ya urefu wa meza. Familia hizo hufundishwa kutomkemea tu, bali kumbadilishia: kiatu kiondolewe, kichezeo kiwekwe mahali pake. Kumpigia mtoto wa mbwa kelele kila anaposhika kitu ni kumwondolea ile hamu ya kushika ambayo jeshi linaitaka. Na kumwachia kila kitu ni kuharibu nyumba. Akina mama wenye nyumba hizo wana kazi isiyo ndogo.

Mengi katika hayo yana maana hata kwa nyumba ya askari wa kwetu yenye jibwa kubwa uani. Kwetu kichezeo cha mbwa mara nyingi ni kipande cha tairi, katambuga iliyochakaa, au mfupa uliotoka chunguni. Tairi lina nyuzi za chuma ndani, na zikitokeza huchoma fizi na tumbo. Katambuga ya baba humfundisha mbwa kwamba viatu vyote vya nyumbani ni vyake, wala hawezi kutofautisha cha zamani na cha gwaride. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Ule mgumu sana, pamoja na pembe, huweza kulipasua gego kubwa la juu ambalo mbwa hulitumia kukatia. Njia ya kupima ni nyepesi: kitu kibonyezwe kwa ukucha wa kidole gumba. Kikikataa kabisa kubonyea, ni kigumu kuliko inavyofaa jino. Mpira wa tenisi, ambao wengi huudhani hauna neno, manyoya yake hukusanya mchanga na kusugua meno kama msasa, tena taya kubwa huupasua nusu kwa nusu. Kamba ni nzuri kwa kuvutana na mwenyewe akiwapo, lakini isiachwe naye, maana nyuzi zikimezwa hukunja matumbo na kuyakata.

Mwenye kujaza kichezeo kwa siagi ya karanga asome kwanza maandishi ya kopo. Baadhi ya siagi za viwandani hutiwa utamu uitwao zailitoli, usiomdhuru binadamu lakini ni sumu kali kwa mbwa. Wali wa jana au uji mzito uliopoa, usio na kitunguu, hutosha. Na kichezeo kikaguliwe kila juma. Kikianza kumegeka kitupwe, hata kama kilinunuliwa kwa fedha nyingi.

Mbinu ya malipo ya mpira imekwisha kufika Afrika Mashariki. Katika Usa River, karibu na Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likifundisha mbwa na askari wa wanyamapori tangu mwaka 2014, wakiwamo wa kutoka Kenya, Uganda na Tanzania yenyewe. Mbwa hao hunusa pembe za ndovu na za faru ndani ya mizigo, na bandari ya Mombasa na uwanja wa ndege wa Entebbe ni miongoni mwa mahali walipopelekwa. Nao hufanya kazi kwa ajili ya kuchezea.

Lackland ina historia nyingine isiyopendeza. Katika vita vya Vietnam walitumiwa mbwa wanaokadiriwa kuwa kama 4,000, na waliorudi nyumbani ni kama 200 tu. Wengine waliuawa au kuachwa huko, kwa kuwa katika vitabu vya jeshi mbwa alihesabiwa kuwa kifaa. Askari waliowaacha walizeeka na uchungu huo. Hata baadaye mbwa aliyechoka alikuwa akidungwa sindano ya kufa, mpaka Novemba mwaka 2000 ilipotiwa sahihi sheria inayoruhusu achukuliwe na mtu, akiwamo askari aliyemwongoza. Sheria hiyo ina jina la Malinois aitwaye Robby. Yeye mwenyewe haikumwokoa. Alikuwa mgonjwa sana, akauawa mwanzoni mwa mwaka 2001.

Mwaka 2013 ilizinduliwa kambini sanamu kubwa ya askari na mbwa wanne: Doberman, German Shepherd, Labrador na Malinois. Kando yake iko sanamu nyingine ya askari ameketi, akimmiminia mbwa wake maji. Maji hayo ni ya kweli, na mbwa wanaopitishwa hapo katika joto la Agosti husimama wakanywa.