Mbegu Kuukuu na Chupa Tupu

Kuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya kila siku: uwekevu na ubahili. Mwekevu na bahili wote wawili huinama njiani kuokota kopo tupu. Ukiwatazama kwa mbali hutambui nani ni nani. Nami naona hakuna mahali panapofaa kuwapambanua kuliko bustani ya mboga nyuma ya jiko. Kwa maana mali kubwa ya bustani ni mbegu, na mbegu haifanani na fedha: ukiificha peke yako, inakufa.

Hayo nimeyajua kwa mama yangu. Yeye hulima upande wa Kabare, katika milima iliyo juu ya Bukavu, bustani ambayo mtu mzima huizunguka kwa hatua 150 tu: maharagi, lengalenga, vitunguu, nyanya, maboga yanayopanda juu ya ua, na mistari michache ya kabichi. Jikoni mwake, juu ya ubao, zimepangwa chupa na makopo ya kila namna: chupa za mayonezi, makopo ya maziwa ya unga, vichupa vya dawa ya kikohozi, na kibuyu kimoja cha bibi ambacho hakuna mtoto aliyepewa ruhusa ya kukigusa. Wageni hucheka, wakidhani ni takataka. Lakini hakuna kopo lililo pale bila kazi. Kopo la sardini, likitobolewa chini kwa msumari, ni kitalu cha nyanya. Bidoni la mafuta lenye kifuniko cha matundu ni chombo cha kumwagilia. Na miche ya maboga haihitaji hata kopo: mama huviringa jani kavu la mgomba kama kikombe, hulijaza udongo, na siku ya kupandikiza hulizika pamoja na mche wake, mizizi isisumbuke.

Chupa zenye kifuniko cha kukaza huwekwa akiba kwa mbegu. Hapo ndipo penye elimu. Adui wa mbegu ni wawili, unyevu na joto, na chupa nzuri haifai kitu ikiwa mbegu iliingizwa mbichi. Itavunda mle ndani upesi kuliko nje. Basi mama huanika mbegu juu ya lungo, kivulini penye upepo, si katika jua kali la saa sita. Haragi hulijaribu kwa jino: jino likiacha alama, bado siku kadhaa. Chini ya chupa hutia mchele uliokaangwa mpaka ukakauka kabisa, kisha ukapoa. Juu yake kitambaa, halafu mbegu. Mchele huo huunywa unyevu uliosalia. Kwa maharagi hujaza chupa mpaka mdomoni, kwa sababu fukusi naye anahitaji hewa: akiwa amefungwa mahali pasipo na nafasi, anaimaliza hewa iliyopo, naye anakufa kabla hajatoboa mengi. Mahali pasipo na chupa, majivu makavu yaliyochekechwa hufanya kazi kama hiyo, ingawa si kwa ukamilifu.

Wataalamu wamekadiria ya kuwa mbegu iliyokwisha kukaushwa, unyevu wake ukipungua tena kwa sehemu 1 katika 100, maisha yake huongezeka karibu maradufu. Na vivyo hivyo joto la ghala likipungua kwa digrii 5 hivi. Ndiyo sababu ghala kuu la mbegu la Svalbard, huko Norwe, lililofunguliwa mwaka 2008, hutunza mbegu za dunia katika baridi ya digrii 18 chini ya sifuri. Sisi hatuna baridi hiyo. Lakini mtu wa Bukavu, akaaye kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, ana nafuu kuliko ndugu yake wa Uvira, kandokando ya Tanganyika, ambako joto ni kali. Kitunguu kitakachoota huku juu baada ya mwaka mmoja na nusu, kule chini pengine kimekwisha kufa.

Maana mbegu hazizeeki sawasawa. Kitunguu ndicho dhaifu kuliko zote: mwaka mmoja, miwili ni bahati. Mahindi na maharagi, yakitunzwa vema, miaka miwili au mitatu. Nyanya, kabichi na maboga huweza kufika minne, hata mitano. Lakini haya ni makadirio, na mama hayaamini makadirio. Mwezi wa nane, kabla ya mvua za Septemba, huchukua mbegu 10 katika kila chupa kuukuu, huzifunga katika kitambaa kibichi, huweka kitambaa juu ya sahani karibu na jiko, na kukilowesha kila asubuhi. Baada ya siku saba au nane huhesabu. Zikiota 8, hupanda kama kawaida. Zikiota 5, hutia mbegu mbili katika kila shimo. Zikiota 2, ikiwa ni maharagi, jioni hiyo tunakula maharagi. Jambo hili halina gharama yo yote, wala sielewi kwa nini wengi hupenda kungoja wiki tatu shambani, mvua ikipita, ndipo wajue mbegu yao ilikuwa imekufa.

Sasa nirudi kwa bahili. Yeye naye ana chupa, naye hukausha vizuri, pengine kuliko mama. Lakini jirani akimwomba kiganja cha mbegu, hujibu hana.

Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilipofika Bukavu na kandokando yake, jamaa yetu ilikimbia pamoja na wengine. Tuliporudi, ubao wa jikoni ulikuwa umechomwa kuni, chupa zimevunjika, na maharagi ya mbegu yote yameliwa. Simlaumu aliyeyala, mwenye njaa hachagui kati ya mbegu na chakula. Mama hakulia. Alichukua kikapo, akavuka kijito mpaka kwa mama mmoja aliyekuwa amegawiwa mbegu zetu miaka miwili kabla.

Yule mama akamwambia, “Karibu, dada. Nayajua unayoyatafuta. Haya yamezaa kwangu misimu mitatu, lakini yalitoka mkononi mwako.”

Akaleta maharagi yale yale, mekundu yenye milia, yaliyochanganyika na meusi na ya manjano kama ilivyo desturi yetu, ili ugonjwa ukiua aina moja, nyingine isimame. Mama akajibu, “Asante, dada. Nipe nusu tu. Nusu nyingine iache kwako.”

Nilikuwa kijana, nikaona ajabu: mtu aliyepoteza yote anakataa nusu! Leo sioni ajabu tena. Ng'ambo ya Ruzizi, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 katika Rwanda, vituo vya utafiti vya mataifa viliungana katika kazi iliyoitwa Mbegu za Matumaini, kwa hofu kwamba aina za maharagi za nchi ile zimetoweka. Walipochunguza waliona hazikupotea kama walivyohofu; wakulima wengi walikuwa wamezipata tena sokoni na kwa majirani.

Hata hivyo, si kila kitu cha bure kinafaa kupokelewa wala kutunzwa. Pakiti yenye alama F1 ni ya mseto: mbegu utakazotoa katika matunda yake zitazaa mimea isiyofanana na mama yao, wala haifai kuzitegemea. Kabichi ya Ulaya haitoi maua isipopata baridi ya siku nyingi. Kwa hiyo mbegu yake tunanunua, hakuna ujanja. Miti ya muhogo kutoka shamba lenye majani yaliyojikunja na madoa ya manjano ni zawadi ya ugonjwa, kwa maana ugonjwa husafiri ndani ya kipande chenyewe. Na kisu kilichokata mgomba unaonyauka hupitishwa katika moto kabla ya kugusa mwingine.

Kubwa kuliko yote ni chupa yenyewe. Chupa ya mayonezi, ya jemu, ya mafuta ya kula: chukua, osha, tunza. Lakini chombo kilichokuwa na dawa ya kuua wadudu, hata kikioshwa mara kumi, kisiingie jikoni wala kisichote maji, kwa kuwa sumu huingia katika plastiki yenyewe, na mtoto hajui kusoma kibandiko kilichobanduka. Vivyo hivyo mbegu za dukani zilizopakwa rangi nyekundu, ya kijani au ya buluu zimetiwa dawa: zikishindwa kuota haziendi chunguni kama zile za mama, wala hazitupiwi kuku.

Majirani wengine humwuliza kwa nini anaharibu bidoni zuri namna ile, lenye mkono na kifuniko kizima. Mama hasemi sana. Huliosha mara tatu, maji yake huyamwaga shambani mbali na kijito, kisha hulitoboa kwa msumari siku ile ile, chini na ubavuni, kabla mtu hajaliomba.