Kelele ya Trena Ni Ripoti, Isome Kabla Hujahamishwa

Wacha niseme hii mapema: baiskeli ikipiga kelele ndani ya nyumba, inakwambia kitu. Watu wengi wanafanya vitu viwili tu. Wanavaa hedifoni waongeze muziki, ama wanaambiwa wauze trena wanunue ya bei kubwa. Mimi nasema hapana kwa zote mbili. Hedifoni zinakufunika wewe, hazimfuniki jirani. Na pesa ya trena mpya wengi wetu hatuna.

Kwa wenye hawajui, trena ni stendi ya chuma inayoshika ekseli ya nyuma ya baiskeli. Tairi linakalia rola ndogo, sumaku inaleta uzito, unapiga pedali na huendi popote. Kuna zingine ambapo unatoa gurudumu la nyuma kabisa, unafunga cheni kwenye kaseti ya trena yenyewe. Yangu ni ile ya kwanza, ya sumaku, ya mtumba. Haitumii stima, kwa hivyo tokeni zikiisha bado naendesha. Na usiniulize kwa nini siendi barabarani. Kama umewahi kuendesha Nairobi saa moja usiku, matatu inakupita na nafasi ya kiganja, unajua.

Sasa, shida. Naishi ghorofa ya nne kwenye ploti ya kawaida, kuta nyembamba, sakafu ya taili. Wiki ya pili ya trena, keteka akaandika kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti: "Huyo kijana wa juu anasaga nini?" Watu wakacheka, wakasema nimefungua posho mill. Siku tatu baadaye haikuwa mzaha tena. Aliniambia mlangoni mama wa ghorofa ya tatu amelalamika mara mbili, na mwenye nyumba akisikia ya tatu natoka.

Niliacha kampasi mwaka wa pili, na hicho chumba ndicho ofisi yangu. Narekodia hapo, nalala hapo. Kutafuta deposit ya nyumba ingine si mchezo.

Kwa hivyo nilishuka, nikabisha. "Shikamoo mama. Mimi ndiye wa ile kelele." Akaniangalia tu. Nikamwambia, naomba nisikie kile unasikia. Rafiki yangu akabaki juu akipiga pedali, mimi nikasimama sebuleni kwa mama.

Manze, haikuwa sauti ile ile. Huku juu nilikuwa nasikia mvumo mwembamba kama blenda. Kule chini mvumo haukuwepo kabisa. Kulikuwa na du-du-du-du, nzito, kama mtu anatwanga kinu kwenye dari. Mama akasema, "Kijana wangu, mimi nafanya shifti ya usiku. Narudi saa mbili asubuhi. Hiyo kitu inaingia mpaka kwa mto."

Hapo ndipo kila kitu kinaanzia. Kelele ni mbili. Kuna ya hewani, yenye unasikia wewe na mwenye mlango ulio kando. Halafu kuna mtetemo, unaoshuka kwa miguu ya trena, unaingia kwenye zege, unatokea kwa dari ya mtu. Ukibandika trei za mayai ukutani kama zile za studio za mtaani, hujasaidia mtu wa chini hata kidogo.

Sasa twende kazi. Kitu cha kwanza: piga pedali mpaka kelele itoke, halafu acha kupiga, gurudumu liendelee lenyewe. Kelele ikikata, iko mbele: cheni, pedali, kranki ama beringi zake. Ikiendelea, iko kwa tairi, gurudumu, rola ama trena yenyewe. Ile tik-tik-tik ya haraka inayotokea ukiacha kupiga pedali ni ya kawaida, usiifuate.

Cha pili: hesabu. Mguu wa kawaida unazungusha pedali kama mara 85 kwa dakika, yaani mara moja na nusu hivi kwa sekunde. Gurudumu kwenye kilomita 30 kwa saa linazunguka karibu mara nne kwa sekunde. Kwa hivyo "tak" moja kila mguu wa kulia ukishuka ni pedali ama kranki. Simama kidogo, toka kwenye kiti: mlio ukipotea, kaza bolti za kiti kabla ya kulaumu kitu kingine. Na "du" nne kwa sekunde? Hiyo ni gurudumu. Nilirekodi kwa simu nikiwa kwa mama, nikahesabu. Nne.

Tulizungusha gurudumu kwa mkono, jicho karibu na rola. Tairi lilikuwa na nundu sehemu moja, halikuwa limekaa vizuri kwenye rimu. Kila mzunguko, nundu inagonga rola. Tulitoa upepo wote, tukalikandakanda likae sawa pande zote, tukajaza tena kulingana na kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Halafu tukasukuma stendi kidogo na vidole: mguu mmoja ulikuwa unaning'inia, taili haziko level. Trena ikawa inapiga sakafu kama nyundo. Mguu ule unazungushwa kama skrubu, tukaushusha mpaka ukagusa.

Sikununua kitu hata kimoja. Nyundo ikaisha nusu pale pale.

Zingine ziangalie moja moja, usibadilishe vitu vitatu pamoja, hutajua gani imesaidia. Tairi la meno la mountain bike litavuma kwa rola milele, tafuta laini. Panguza rola na tairi kwa spiriti. Rola ikibana kidogo sana tairi linateleza na kulia, ikibana sana inalila tairi. Cheni kavu, weka oili. Na kama yako ni ya kutoa gurudumu na gia zinalia tu ukiwa kwa trena, angalia kaseti: ya Shimano ya barabara ya gia 8, 9 ama 10 kwenye hab ya gia 11 inahitaji ringi nyembamba nyuma yake, karibu milimita 1.8, la sivyo inacheza.

Kisha mtetemo uliobaki unaukata kwa chini. Zulia jembamba halisaidii sana. Mimi niliweka mikeka ya foamu ya watoto, ile ya kushikana kama pazo, tabaka mbili, halafu raba nzito juu yake. Hakikisha tu haiyumbi, usianguke na baiskeli.

Ujanja wa mwisho ni bure: weka sumaku juu, gia nyepesi. Gurudumu linazunguka polepole, kelele inashuka, miguu bado inachomeka.

Nilirudi kwa mama, rafiki akapanda tena. Akasikiza. Akasema, "Sasa ni kama friji." Tukakubaliana saa: kuanzia kumi na moja jioni mpaka kabla ya saa mbili usiku. Na hiyo si huruma tu. Kenya ina kanuni za kelele na mtetemo za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, na kwa hizo kanuni usiku unaanza saa mbili. Mtetemo umetajwa mpaka kwa jina la kanuni. Kwa hivyo ukiniambia "ni kwangu, nalipa rent", pole, hata yeye analipa, na dari yake ni sakafu yako.

Maoni yangu ni haya. Tumezoea kuona jirani anayelalamika kama hater. Mimi naona ndiye mtu pekee aliyesikia ile nundu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya baiskeli na masikio yangu mawili, na singewahi kuisikia. Kabla ujibu kwa grupu na emoji ya kucheka, shuka ghorofa moja, bisha, omba kusikiza.