Juma Moja Katika Chumba cha Kujipikia

Wengi wetu wa Sondu huenda Kisumu asubuhi na kurudi jioni, wala hatuujui mji ule wakati wa usiku. Mimi nami nalikuwa hivyo, hata mwaka huu nilipoitwa mafunzoni siku sita. Posho ingetosha hoteli, walakini binti yangu alikuwa akingojea karo ya muhula. Basi nikapanga chumba kimoja chenye jiko ndani yake, kwa shilingi 1,500 kila usiku, karibu na ule mnara wa saa uliofunguliwa mwaka wa 1938 kwa kumkumbuka Kassim Lakha.

Chumba ni kidogo: ukiketi kitandani waweza kufungua mlango wa bafu kwa mkono mmoja na kukoroga sufuria kwa mkono wa pili. (Natia chumvi kidogo.) Mke wangu alinifungia unga wa mtama, omena na ndizi za Kisii kutoka soko letu, ambako Waluo, Wakipsigis na Wakisii hukutana kuuziana, akaniandikia karatasini namna ya kupika. Maana mimi, mtu wa miaka thelathini na sita, nalikuwa sijapata kusonga ugali.

Usiku wa kwanza ugali ukatoka uji. Usiku wa pili gesi ikaisha, omena wangali wabichi, na mwangalizi wa nyumba hakushika simu. Nikabisha kwa jirani, mzee aliyestaafu kazi ya reli.

“Ingia, kijana wangu,” akasema. “Lete na sufuria yako.”

Akanieleza kwamba katika boma la baba yake wanaume walikula pamoja katika duol, nyumba ya mzee, na mgeni hakuulizwa atokako kabla ya kunawa mikono. Yeye mwenyewe alikuwa akila peke yake tangu mkewe afariki. Tangu usiku ule tukapika katika jiko lake. Unga wangu, mboga tulizonunua soko la Jubilee, na ngege aliyemchagua yeye, maana hakuniamini kwa samaki.

Atakayepanga chumba cha namna hii na ainue mtungi wa gesi aupime uzito kabla ya kulipa.

Karo niliituma kwa simu nikiwa ndani ya matatu, kabla hatujafika Ahero. Jumapili nikasonga ugali nyumbani. Watoto walitazamana, kisha wakala.